Gertrude Elion: Mwanamke aliyeifungulia mlango figo ngeni

Ni nadra kukuta duka la dawa Afrika Mashariki, liwe la Mombasa, Kampala au Bujumbura, lisilouza dawa ambayo chimbuko lake ni maabara aliyofanyia kazi Gertrude Elion. Hata hivyo, jina la mkemia huyo wa Kimarekani, aliyefariki dunia tarehe 21 Februari mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 81, halijulikani na wengi wa wale wanaozimeza dawa hizo.

Bi Elion na mwenzake George Hitchings waliupatia ulimwengu dawa za saratani ya damu, ugonjwa wa jongo, malaria na maambukizi ya virusi. Mbili kati ya dawa zilizotoka katika maabara yao zimefungamana kwa namna ya pekee. Ya kwanza ni azathioprini, inayojulikana pia kama Imuran, iliyowezesha figo ya mtu mmoja kuishi katika mwili wa mtu mwingine. Ya pili ni trimethoprimu, mojawapo ya dawa mbili zinazounda antibiotiki iitwayo Septrin, ambayo mpaka leo hutumiwa kumlinda mgonjwa aliyepandikizwa kiungo.

Historia ya maisha yake inaonyesha jinsi dawa hizo zilivyopatikana. Inasaidia pia kueleza jambo ambalo bado linawashughulisha madaktari, nalo ni kwa nini antibiotiki anayopewa mgonjwa wa aina hiyo ili imwokoe inaweza, mara chache, kuidhuru misuli yake.

Binti wa daktari wa meno

Gertrude Belle Elion alizaliwa mjini New York tarehe 23 Januari mwaka 1918. Baba yake, Robert, alikuwa mhamiaji kutoka Lithuania aliyejiendeleza hadi akawa daktari wa meno. Mama yake, Bertha, naye alitoka Ulaya Mashariki akiwa msichana. Familia hiyo ya Kiyahudi iliishi maisha ya wastani hadi mwaka 1929, soko la hisa la Marekani lilipoporomoka na baba huyo akapoteza mali yake.

Mwaka 1933, Gertrude alipokuwa na umri wa miaka 15, babu yake aliyempenda sana alifariki kwa saratani ya tumbo. Binti huyo aliyashuhudia mateso ya mzee wake na akaamua kwamba maisha yake atayatumia kupambana na ugonjwa huo. Mwaka huo huo alijiunga na Chuo cha Hunter, kilichokuwa chuo cha wanawake kisichotoza ada. Alihitimu shahada ya kemia mwaka 1937 kwa daraja la juu kabisa.

Daraja hilo halikumfungulia mlango. Uchumi ulikuwa umedorora, ajira zilikuwa chache, na maabara nyingi hazikutaka wanawake. Vyuo alivyoviomba ufadhili wa masomo ya juu vilimkataa. Mahali pamoja aliambiwa kwamba anazo sifa zote, ila kuwepo kwake kungewakengeusha wanaume wanaofanya kazi humo. Alianza kozi ya ukatibu muhtasi, akafundisha wanafunzi wa uuguzi kwa muda, kisha akakubali kufanya kazi katika maabara ya mkemia mmoja bila mshahara, ilimradi asiusahau ujuzi wake. Fedha kidogo alizopata baadaye zilimwezesha kusoma Chuo Kikuu cha New York, akiwa mwanamke pekee katika darasa lake la kemia. Alipata shahada ya pili mwaka 1941.

Msiba wa mwaka 1941

Mwaka huo huo alipata pigo ambalo halikumtoka moyoni. Mchumba wake, Leonard Canter, aliugua maambukizi ya bakteria katika utando wa ndani wa moyo. Wakati huo maradhi hayo hayakuwa na tiba. Penisilini, ambayo miaka michache baadaye ingeweza kumponya, ndiyo kwanza ilikuwa inajaribiwa kwa wagonjwa wa mwanzo mjini Oxford, Uingereza. Kijana huyo alifariki, na Gertrude Elion hakuolewa maisha yake yote.

Hivyo, kabla hajatengeneza dawa hata moja, alikuwa amekwisha kuona ndani ya nyumba yake maana ya kukosa dawa: saratani ilimchukua babu, na bakteria wakamchukua mchumba. Mwaka 1956 saratani ya mlango wa kizazi ilimchukua pia mama yake.

Vita Kuu ya Pili vilibadili hali ya ajira. Wanaume walipopelekwa vitani, maabara zilianza kuajiri wanawake. Bi Elion alianzia katika kampuni ya vyakula, ambako kazi yake ilikuwa kupima ukali wa achari na rangi ya mayonezi. Alipohisi hana jipya la kujifunza aliondoka, na mwaka 1944 aliajiriwa kuwa msaidizi wa Hitchings katika maabara ya kampuni ya Burroughs Wellcome huko Tuckahoe, jimbo la New York.

Matofali bandia

Enzi hizo dawa nyingi zilipatikana kwa kubahatisha: kemikali nyingi zilijaribiwa, moja moja, hadi ipatikane inayofaa. Hitchings na Bi Elion walifuata njia nyingine. Walijua kwamba kila seli, iwe ya binadamu, ya bakteria au ya uvimbe wa saratani, haiwezi kugawanyika bila kwanza kutengeneza asidi za kiini, zinazobeba urithi wake. Walijua pia kwamba seli za aina mbalimbali hazitengenezi vitu hivyo kwa njia iliyo sawa kabisa. Waliamua kuunda kemikali zinazofanana na malighafi hizo, mfano wa matofali bandia. Seli inayoyachukua matofali hayo ikidhani ni ya kweli hushindwa kuendelea na ujenzi.

Bi Elion alikabidhiwa kundi la kemikali ziitwazo purini. Kwa muda alisoma jioni ili apate shahada ya uzamivu katika chuo kimoja cha Brooklyn, safari ndefu kutoka kazini. Mkuu wa chuo alipomtaka aache kazi na kusoma muda wote, alichagua maabara. Shahada hiyo hakuipata kwa njia ya masomo. Zile alizokuja kuwa nazo zilikuwa za heshima, alizotunukiwa na vyuo vikuu baada ya kazi yake kujulikana.

Uamuzi huo ulizaa matunda upesi. Mwaka 1951 alikuwa tayari ametengeneza merkaptopurini, iliyojaribiwa kwa watoto wenye saratani kali ya damu katika hospitali moja ya saratani mjini New York. Kabla yake, wengi wa watoto hao walikuwa wakifariki katika muda wa miezi michache. Wengine sasa walipata nafuu kamili. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1953. Lakini kwa wengi ugonjwa ulirudi, na Bi Elion aliumizwa sana na vifo vya wagonjwa ambao alikuwa ameanza kuwatumainia. Ilibidi dawa hiyo iunganishwe na nyingine ndipo madaktari waweze kuwaponya watoto walio wengi, na mpaka leo imo katika tiba hiyo.

Figo ya mtu mwingine

Wakati huo huo madaktari wa upasuaji walikuwa na tatizo lao. Mwezi Desemba mwaka 1954, daktari Joseph Murray wa Boston alifanikiwa kupandikiza figo kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake. Operesheni ile iliwezekana kwa sababu miili ya pacha wa kufanana haioneani ugeni. Kwa watu wengine wote, askari wa kinga ya mwili waliishambulia figo ngeni na kuiharibu.

Mwaka 1959 watafiti wawili wa Boston, Robert Schwartz na William Dameshek, waligundua kwamba merkaptopurini huwafanya sungura washindwe kujibu shambulio la protini ngeni. Habari hizo zilimfikia daktari kijana wa Uingereza, Roy Calne, aliyeijaribu dawa hiyo kwa mbwa waliopandikizwa figo. Baadaye alipokwenda Marekani, alipewa na Hitchings na Bi Elion kemikali nyingine za jamii hiyo ili azijaribu. Mojawapo ilikuwa azathioprini, iliyotengenezwa katika maabara yao mwaka 1957.

Mwaka 1962, Murray na wenzake walimpandikiza mgonjwa figo ya marehemu asiyekuwa na undugu naye na kumpa azathioprini. Figo hiyo ilifanya kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka uliofuata, Thomas Starzl wa Denver alionyesha kwamba azathioprini ikitumika pamoja na dawa ya jamii ya steroidi matokeo huwa bora zaidi. Kwa takribani miaka 20, hadi ilipoingia siklosporini mapema miaka ya 1980, dawa hizo mbili ndizo zilizokuwa mhimili wa upandikizaji duniani kote.

Mlango ukifunguliwa kwa mgeni

Ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Kinga ya mwili iliyolegezwa ili ipokee figo ngeni haiwezi tena kuwazuia bakteria na fangasi kama awali. Wagonjwa wengi wa mwanzo waliopandikizwa viungo walifariki kwa maambukizi, hata pale ambapo kiungo chenyewe kilikuwa kinafanya kazi. Hatari mojawapo ilikuwa homa ya mapafu inayosababishwa na fangasi aitwaye Pneumocystis, ambaye mtu mwenye afya humshinda bila hata kujua.

Hapa ndipo dawa ya pili ilipoingia. Kundi la Hitchings lilikuwa limetengeneza trimethoprimu, inayokizuia kimeng'enya ambacho bakteria hawawezi kugawanyika bila hicho. Binadamu naye anacho kimeng'enya cha aina hiyo, lakini dawa hushikamana na kile cha bakteria kwa nguvu iliyozidi mara maelfu kwa maelfu. Ikichanganywa na sulfamethoksazoli, inayofunga hatua nyingine ya kazi hiyo hiyo, hupatikana kotrimoksazoli, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1968 kwa majina ya Septrin na Bactrim. Baadaye ilibainika kwamba mchanganyiko huo humkinga mgonjwa na Pneumocystis pia, na sasa ni desturi kuutoa kwa miezi kadhaa baada ya kupandikiza kiungo.

Watu wa Afrika Mashariki wanaifahamu Septrin kwa sababu nyingine vilevile. Tangu mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani limependekeza itumike kuwakinga watu wanaoishi na virusi vya ukimwi barani Afrika. Aidha pirimethamini, ndugu yake kutoka maabara ile ile, imo katika vidonge vya SP wanavyopewa kina mama wajawazito ili kujikinga na malaria.

Misuli inapolipa

Bi Elion hakuamini kwamba dawa huwa na kazi moja tu. Mfano mzuri ni alopurinoli, ambayo yeye na Hitchings waliitafuta ili merkaptopurini isivunjwe haraka mwilini. Iligundulika kwamba inapunguza pia asidi ya mkojo, na miaka ya 1960 ikawa tiba ya jongo. Lakini tabia ile iliyotafutwa makusudi ikawa mtego. Mgonjwa anayetumia azathioprini akipewa alopurinoli bila kipimo cha azathioprini kupunguzwa sana, dawa hulimbikizana na kuudhuru uboho wa mifupa. Dawa mbili zilizotengenezwa na mikono ile ile zinaweza kugombana zikikutana katika mwili mmoja.

Jambo kama hilo huweza kutokea kwa Septrin, na hapo inayoumia ni misuli. Njia ya kwanza hupitia madini ya potasiamu, ambayo kwa kawaida figo huyatoa yakizidi. Trimethoprimu huziba vijitundu fulani katika mirija ya figo, hivyo potasiamu hubaki katika damu. Siklosporini na takrolimasi, ambazo wengi wa waliopandikizwa viungo hutumia siku hizi, nazo hupandisha potasiamu, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufanya vivyo hivyo. Zikijumlika, misuli hulegea, miguu huwa mizito, na moyo, ambao nao ni msuli, unaweza kupoteza mapigo yake. Ndiyo maana mgonjwa ambaye potasiamu yake imepanda hushauriwa apunguze ndizi, madafu na maharage.

Njia ya pili ni nadra, lakini ni kali zaidi. Madaktari wameripoti visa vichache ambapo misuli ya mtu anayetumia Septrin ilivunjika na vilivyomo kumwagika katika damu. Baadhi yao walikuwa wanaishi na virusi vya ukimwi, na wengine walikuwa wamepandikizwa seli za uboho. Mgonjwa huhisi maumivu na udhaifu mapajani au mabegani, na mkojo huweza kuwa mweusi mithili ya chai ya rangi. Protini inayotoka katika misuli huziba figo. Kwa aliyepandikizwa figo, inayohatarishwa ni ile ile aliyoisubiri kwa miaka.

Septrin haiko peke yake. Erithromaisini na klarithromaisini hulichelewesha ini lisizivunje siklosporini na takrolimasi, pamoja na baadhi ya dawa za kupunguza mafuta katika damu kama simvastatini. Dawa hizo za mafuta zikilimbikizana, misuli huweza kuvunjika. Antibiotiki za jamii ya siprofloksasini nazo huweza kuchana kano, hususan ile ya kisigino. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe juu ya dawa hizo, ikieleza kwamba hatari ni kubwa zaidi kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60, kwa wanaotumia steroidi, na kwa waliopandikizwa figo, moyo au mapafu.

Hayo yote hayaifanyi Septrin kuwa adui. Kwa wagonjwa wengi faida yake huzidi hatari, na kuiacha bila ushauri kunaweza kuleta maradhi yatakayoua. Kinachotakiwa ni daktari kuzijua dawa zote anazotumia mgonjwa, damu yake kupimwa kila inapopaswa, na mgonjwa mwenyewe kutoyapuuza maumivu ya misuli ambayo hayana sababu.

Kwa Afrika Mashariki tahadhari hiyo inazidi kuwa na uzito. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mjini Dar es Salaam ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwezi Novemba mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Wagonjwa wengine hufanyiwa upasuaji India, kisha hurejea nyumbani na kuendelea kutunzwa mbali na madaktari waliowapasua. Katika miji yetu mingi, mtu mwenye kikohozi bado anaweza kuingia dukani na kutoka na antibiotiki bila kuulizwa anatumia dawa gani nyingine. Kwa aliyepandikizwa figo, swali hilo moja linaweza kuwa ndilo litakaloiokoa.

Heshima iliyochelewa

Mwaka 1967 Bi Elion aliteuliwa kuongoza idara ya majaribio ya tiba, na kampuni ilipohamia North Carolina mwaka 1970 alikwenda nayo. Huko kundi lake lilikamilisha asikloviri, iliyotangazwa miaka ya 1970, mojawapo ya dawa za kwanza zilizothibitisha kwamba virusi vinaweza kushambuliwa bila kuua seli zinazoviweka. Alistaafu mwaka 1983 lakini aliendelea kuwa mshauri, na wanasayansi aliowalea ndio waliosaidia kuithibitisha AZT, dawa ya kwanza ya virusi vya ukimwi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Mwaka 1988 Bi Elion, Hitchings na Sir James Black wa Uingereza walitunukiwa Nishani ya Nobel ya tiba. Mwaka 1990 ilikuwa zamu ya Murray, aliyepokea nishani hiyo pamoja na Donnall Thomas, mwanzilishi wa upandikizaji wa uboho. Mwaka 1991 Bi Elion alipewa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, na akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa nchi hiyo. Jina lake limo katika hataza 45.

Watu waliomfahamu walimjua kama mpenzi wa opera, wa safari na wa kupiga picha, na kama mlezi wa wanasayansi vijana. Alizithamini mno barua alizoandikiwa na wagonjwa na wazazi waliopona au waliopona watoto wao kwa dawa zake. Alifariki mjini Chapel Hill, North Carolina, mwaka mmoja baada ya Hitchings.

Azathioprini, merkaptopurini, alopurinoli, asikloviri na kotrimoksazoli zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Azathioprini imepungua matumizi katika upandikizaji, kwani zimekuja nyingine, lakini haijastaafu. Kila mwaka maelfu ya watu duniani huamka kutoka usingizi wa upasuaji wakiwa na figo ambayo hawakuzaliwa nayo. Njia iliyowafikisha hapo ilianzia kwa binti aliyekataliwa na maabara za mji wake, na uangalifu alioufanyia kazi huko Tuckahoe, wa kuuliza kila dawa inagusa nini kingine mwilini, ndio unaohitajika bado kila mmoja wao anapoandikiwa antibiotiki.